Nani Aliamua Kwinini Iwe Kwinini?

Geuza boksi la vidonge vya paracetamol kutoka duka la dawa la mtaani kwako. Karibu na jina la dawa mara nyingi utakuta herufi mbili, BP, au tatu, USP. Wengi hawazioni kabisa. Wanaoziona huzichukulia kuwa sehemu ya jina, au muhuri wa kuthibitisha kwamba dawa inaponya. Siyo hivyo. BP ni famakopia ya Uingereza na USP ni famakopia ya Marekani, yaani vitabu vya viwango vya dawa, na herufi hizo ni ahadi ya mtengenezaji: kilichomo humu kinalingana na maelezo ambayo kitabu kimeyaweka kwa jina hili. Kuhusu homa yako, herufi hizo hazisemi kitu.

Mkanganyiko huu una historia yake. Famakopia zilikuja kujibu maswali matatu tofauti, na majibu hayakupatikana kwa pamoja. La kwanza: jina hili ni la kitu gani? La pili: kitu hicho kitengenezwe vipi, na kiwe na nguvu kiasi gani? La tatu: nikiletewa unga ndani ya chupa, nitajuaje kwamba ndicho chenyewe na hakijachakachuliwa? Lipo na la nne, ambalo mgonjwa ndilo analolijali zaidi: je, kinatibu? Madaktari walioandika vitabu hivi walikuwa na maoni yao juu ya hilo, lakini kwa muda mrefu sana hakuna sheria iliyowadai ushahidi. Hata swali la kwanza, linaloonekana rahisi kuliko yote, halijaisha hadi leo. Paracetamol ya BP ndiyo acetaminophen ya USP.

Kitabu cha mfalme

Miji ya Ulaya ilitangulia. Florence ilikuwa na kitabu chake cha dawa mwishoni mwa miaka ya 1490, na Nuremberg ikafuata mwaka 1546. Kila mji ulijiamulia, na nje ya mipaka yake kitabu hakikuwa na nguvu. Uingereza ilipiga hatua nyingine mwaka 1618. Mwaka uliotangulia, wauza dawa wa London walikuwa wamejitenga na chama cha wafanyabiashara wa viungo na vyakula wakaunda chama chao. Chuo cha Matabibu, ambacho tayari kilikuwa na haki ya kuingia madukani na kukagua dawa, kikaona huu ndio wakati wa kuwashika vizuri. Kikaandika famakopia kwa Kilatini, na Mfalme James I akatoa tangazo la kuwataka wauza dawa wote waifuate. Kitabu kilitoka Mei 1618, kikaondolewa kwa aibu kutokana na makosa, kikatoka upya Desemba mwaka huohuo.

Kuwa kwa Kilatini hakukuwa bahati mbaya. Tabibu aliandika, muuza dawa akachanganya, mgonjwa akanywa, na kila mmoja alibaki mahali pake. Nicholas Culpeper, mtaalamu wa mitishamba wa London, alipokitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1649 bila idhini ya chuo, matabibu walikasirika kana kwamba ameingia nyumbani kwao usiku.

Kilichokuwamo ndani kinafundisha jambo moja kuhusu viwango. Famakopia ya London ilieleza kwa uangalifu mkubwa namna ya kutengeneza theriaki, mchanganyiko wa vitu zaidi ya 60 ukiwa na nyama ya nyoka, ulioaminiwa kuondoa sumu ya kila aina. Daktari William Heberden aliishambulia theriaki kwa maandishi mwaka 1745, lakini London haikuifuta kitabuni hadi toleo la 1788. Kwa hiyo kwa miaka 170 Waingereza walikuwa na kiwango rasmi, chenye nguvu ya mfalme, cha dawa isiyo na maana. Theriaki halisi na theriaki ya bandia zilitofautishwa kwa makini. Mgonjwa hakupata faida kwa yoyote kati ya hizo.

Tatizo la pili la Waingereza lilikuwa la wingi. Edinburgh ilitoa famakopia yake mwaka 1699, na Dublin ikapata yake mwaka 1807. Nchi moja, vitabu vitatu. Madhara yake yanaonekana vizuri kwenye asidi ya hidrosianiki, sumu kali ambayo katika karne ya 19 ilitolewa ikiwa imezimuliwa, matone machache, kwa kikohozi na tumbo. Asidi iliyotengenezwa kwa kufuata kitabu cha Edinburgh ilikuwa kali kuliko ya London, na zote mbili zilikuwa na jina lilelile. Cheti kilichoandikwa na daktari wa mji mmoja kikipelekwa kwa muuza dawa wa mji mwingine, hakuna aliyekosea, na mgonjwa bado anaweza kufa. Ilibidi Bunge liingilie kati kwa sheria ya mwaka 1858 ndipo vitabu vitatu viunganishwe, na BP ya kwanza ikatoka mwaka 1864. Ilipokewa vibaya kiasi kwamba nyingine iliandikwa kuchukua nafasi yake mwaka 1867. Hiyo ndiyo iliyozaa kitabu kilichosafiri na utawala wa Kiingereza hadi kwenye makoloni, na ndiyo maana herufi BP zimezoeleka madukani mwetu.

Taifa lisilo na chuo

Kisa cha Marekani ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu hapakuwa na mfalme wa kutoa tangazo wala chuo kimoja chenye sauti nchi nzima. Swali la nani ana haki ya kuandika kiwango lilijibiwa na watu waliojipa haki hiyo wenyewe.

Jaribio la kwanza lilitokana na dhiki. Mwaka 1778, katikati ya vita vya uhuru, daktari William Brown alichapisha kijitabu cha Kilatini cha kurasa 32 kwa ajili ya hospitali ya jeshi iliyokuwa Lititz, Pennsylvania. Ukurasa wa kwanza wenyewe unakiri kwamba kimetungwa kulingana na uhaba ulioletwa na ukatili wa adui. Dawa nyingi zilitoka Ulaya, na Waingereza walikuwa wameziba bahari. Kwa hiyo kiwango cha kwanza cha Marekani kilikuwa orodha ya mambo yanayowezekana kwa vilivyopo stoo. Kilifaa jeshini, na vita vilipokwisha hakikuwa na mwenyewe.

Madaktari walirudi kwenye mazoea. Mmoja alifuata London, mwingine Edinburgh, mwingine mwalimu wake. Chama cha madaktari cha Massachusetts kilitoa famakopia yake mwaka 1808, lakini ilikuwa ya jimbo moja. Ndipo Januari 1817 daktari Lyman Spalding akasimama mbele ya chama cha madaktari cha wilaya ya New York na mpango ambao, kwa nchi yenye barabara zile, ulikuwa wa kijasiri. Nchi igawanywe kanda nne: Kaskazini, Kati, Kusini na Magharibi. Kila kanda iitishe mkutano wa vyama na vyuo vya udaktari, iandike rasimu yake, kisha ichague wajumbe wa kwenda Washington tarehe 1 Januari 1820 kuzioanisha.

Kanda ya Kaskazini ilikutana Boston na ya Kati ikakutana Philadelphia, zote mwaka 1819. Kusini na Magharibi mambo yalilegalega, rasimu hazikupatikana. Siku ilipofika, waliojitokeza Washington kuandika viwango vya dawa vya taifa zima walikuwa madaktari 11. Walikutana katika ukumbi wa Seneti, jambo linalowafanya wengi wadhani serikali ilihusika. Haikuhusika. Ukumbi ulikuwa wa kuazima. Hakuna sheria iliyowatuma, hakuna fedha ya umma waliyopewa, na hakuna mfamasia hata mmoja aliyekuwa mezani, ingawa wafamasia ndio ambao wangepaswa kukifuata kitabu.

Hata hivyo walifanya mambo mawili ya busara. Walipunguza: badala ya kubeba kila mzizi na kila mafuta ambayo mtu yeyote amewahi kumpa mgonjwa, walichagua dawa 217 ambazo, kwa maoni yao, faida yake ilikuwa imejulikana vizuri zaidi. Tena waliamua kwamba kitabu kitapitiwa upya kila baada ya miaka kumi. Ukiwaza jinsi theriaki ilivyokaa London miaka 170, uamuzi huo wa pili una uzito kuliko orodha yenyewe. Famakopia ya kwanza ya Marekani ilichapishwa Boston tarehe 15 Desemba 1820, Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Spalding hakuishi kuona matunda yake. Akiwa anapita mtaa wa Pearl huko New York, kasha la takataka lililotupwa kutoka ghorofani lilimwangukia kichwani, na mwaka 1821 akafariki.

Mzizi kutoka Msumbiji

Swali la jina lilikuwa gumu kiasi gani? Mfano mmoja uko karibu nasi. Mzizi wa kaumwa, ambao pwani ya Afrika Mashariki unajulikana kwa matatizo ya tumbo, ulikuwa ukichimbwa Msumbiji na kupakiwa vyomboni hadi Ulaya na Marekani, ambako uliitwa calumba au columbo. Kwa muda mrefu wazungu walidhani unatoka Ceylon. Ulikuwa mchungu, ulituliza tumbo na kurudisha hamu ya kula, na madaktari wa Marekani waliupokea kitabuni mwao mwaka 1820.

Shida ni kwamba katika misitu ya Marekani yenyewe kulikuwa na mmea mwingine wenye mzizi mchungu, Frasera, ambao wafanyabiashara waliuita columbo ya Marekani. Ukikatwa vipande vya duara na kukaushwa, unafanana na ule wa Msumbiji, na bei yake ilikuwa chini. Vipande viliuzwa kwa jina la mzizi wa Afrika, na vingine vilivuka hadi Ulaya kwa jina hilohilo. Famakopia ya 1820 ilifanya ilichoweza: iliiweka kaumwa kwenye orodha kuu, na Frasera kwenye orodha ya pili ya dawa zenye hadhi ndogo, kila mmoja kwa jina lake la kisayansi. Swali la kwanza limejibiwa. Columbo ni hii, ile siyo.

Lakini mfamasia wa Cincinnati aliyeletewa gunia la vipande vya manjano angefanya nini na jibu hilo? Kitabu kilimwambia kipi ndicho, hakikumwambia atakitambuaje. Njia ilikuwepo, tena rahisi. Kaumwa ina wanga mwingi, kwa hiyo maji yake yakitiwa iodini hugeuka buluu, wakati Frasera haina wanga. Ukimimina chumvi ya chuma, Frasera ndiyo inayotia weusi. Vipimo vya namna hii viliingia vitabuni polepole, mwanzoni vikiandikwa na wafamasia katika vitabu vyao vya maelezo, baadaye sana ndani ya famakopia yenyewe.

Na kabla hata ya kufika huko, umoja wenyewe uliyumba. Mwaka 1830, muda wa marekebisho ya kwanza ulipofika, madaktari wa New York na wale wa Washington na Philadelphia hawakuelewana ni mkutano upi ulio halali. Matokeo yake nchi ikawa na famakopia mbili, kila moja ikijiita ya Marekani. Ubishi huo haukumalizwa na mahakama wala Bunge, bali na kitabu cha tatu. George Wood na Franklin Bache wa Philadelphia walitoa mwaka 1833 kitabu kinene cha maelezo ya dawa kilichoegemea famakopia ya upande wao, na kwa kuwa kila daktari na mfamasia alikihitaji kitabu hicho mezani, famakopia ya New York ikafa kimyakimya. Hapo unaona kiwango kikishinda kwa kutumika kuliko kwa kuamriwa. Mimi sioni aibu katika hilo, ingawa wanasheria hawalipendi.

Forodhani

Mwaka uleule wa 1820, wakati madaktari 11 wanapanga majina Washington, wakemia wawili jijini Paris, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kutoa kwinini kutoka kwenye ganda la mti wa sinkona. Mofini ilikuwa imeshatolewa kwenye afyuni na Sertürner wa Ujerumani miaka michache kabla. Hatua hizi zilibadilisha maana ya kiwango. Zamani ganda zuri lilijulikana kwa kulitazama, kulinusa na kulionja. Sasa iliwezekana kuuliza: kwinini ni kiasi gani katika ratili moja ya ganda hili? Nguvu ya dawa ikawa namba.

Wachakachuaji walielewa mapema kuliko waandishi wa vitabu. Kama nguvu inatoka, basi inaweza kutolewa ikauzwa peke yake, na mabaki yakauzwa kama ganda zima. Afyuni iliyokamuliwa mofini yake ilirudishwa sokoni. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na bidhaa za daraja la chini zilizotengenezwa makusudi kwa soko la Marekani, kwa sababu Marekani hapakuwa na ukaguzi wowote bandarini. Vita dhidi ya Mexico ya 1846 hadi 1848 ndivyo vilivyoamsha hasira. Maradhi yaliua wanajeshi wengi mno kuliko risasi, na lawama ikaangukia kwinini mbovu. Wanahistoria waliolichunguza jambo hilo wanasema uzembe wa jeshi lenyewe na dozi zisizotosha vilichangia sana, lakini kwa wanasiasa muuzaji wa nje ni adui mzuri.

Kamati ya Bunge chini ya Thomas Edwards, mbunge wa Ohio aliyekuwa daktari, ilikusanya ushahidi. Mmoja uliosimuliwa sana ni wa vidonge vya buluu, dawa ya zebaki iliyotumika kwa karibu kila kitu, kuanzia ini hadi kaswende. Kwa kanuni, theluthi moja ya uzito ilipaswa kuwa zebaki. Shehena iliyopimwa New York ilikuwa na zebaki chini ya asilimia 8, na kilichobaki kilikuwa na udongo, mchanga na rangi ya kupaka. Ukiniuliza mimi, mgonjwa aliyemeza udongo ule huenda alipona haraka kuliko aliyepata zebaki kamili. Ndiyo shida ya swali la nne kukaa nje ya mlango.

Sheria ilipitishwa tarehe 26 Juni 1848. Wakaguzi waliwekwa katika bandari sita, kuanzia Boston hadi New Orleans, na dawa zisizofikia kiwango zilizuiwa kuingia. Kiwango kipi? Sheria ilitaja famakopia ya Marekani, na papo hapo za Edinburgh, London, Ufaransa na Ujerumani. Huo ulikuwa ushindi wa nusu. Kitabu cha watu 11 wasiotumwa na yeyote kilikuwa kimetajwa katika sheria ya nchi, lakini kama kimoja kati ya vitano, na mwagizaji mjanja alichagua kinachomfaa.

Mwanzoni sheria iliuma. Katika bandari ya New York, mkaguzi M. J. Bailey alikataa makumi ya maelfu ya ratili za dawa katika miezi ya kwanza. Kisha ikawa kama ilivyo kawaida ya vyeo vya forodha: nafasi za ukaguzi zikagawiwa kwa makada wa chama kilicho madarakani, watu wasiojua tofauti ya rubarbi, mzizi wa dawa, na kuni. Isitoshe, sheria ilishika mpaka tu. Aliyechakachua ndani ya nchi hakuguswa.

Wafamasia wakaja na mizani

Waliochoka na hali hiyo walikuwa wafamasia wenyewe. Wa New York waliwaita wenzao wa Boston na Philadelphia mwaka 1851 kukubaliana viwango vya kutumiwa na wakaguzi, na kutoka hapo, mwaka 1852, kikazaliwa chama cha wafamasia cha taifa. Kuanzia miaka ya 1840 walikuwa wakialikwa kutoa maoni juu ya famakopia, na mwaka 1850 wakakaa kama wajumbe. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo zamu kubwa katika kisa kizima. Daktari aliandika kiwango akimuwaza mgonjwa kitandani. Mfamasia alikiandika akiwaza gunia lililofika asubuhi.

Edward Squibb alikuwa na mguu kila upande. Alikuwa daktari wa jeshi la majini tangu 1847, na ubovu wa dawa alioukuta melini ulimpeleka kwenye maabara ya jeshi hilo huko Brooklyn. Etha ilikuwa imeoneshwa hadharani Boston mwaka 1846 kama dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, lakini chupa moja ilimlaza mgonjwa na nyingine ikamwacha akipiga kelele. Squibb alibuni mtambo wa kutengeneza etha kwa joto la mvuke, ambao ulitoa nguvu ileile kila mara, akachapisha michoro yake mwaka 1856 bila kuihodhi. Alipoanzisha maabara yake mwenyewe mwaka 1858, etha ilishika moto na kumuunguza vibaya. Aliendelea. Mwaka 1877 alipendekeza chama cha madaktari cha Marekani kichukue famakopia yote mikononi mwake, akidai mkutano wa kila miaka kumi umezeeka. Pendekezo lilikataliwa, lakini kelele zake zilifanya kazi. Mkutano wa 1880 ulimpa usukani Charles Rice, mkemia wa hospitali ya Bellevue huko New York, mtu aliyesoma Kisanskriti kwa mapenzi yake na dawa kwa mshahara.

Kitabu kilichotoka chini ya Rice mwaka 1882 kilikuwa kingine kabisa. Chini ya kila dawa sasa kulikuwa na sura yake, rangi yake, inayeyuka katika nini, uchafu gani hutiwa humo, na matone ya kimiminika gani yataufichua. Swali la tatu lilikuwa limepata jibu, miaka 62 baada ya la kwanza.

Bado kulikuwa na dawa zisizokubali mizani wala matone. Moja yake ilitoka kusini mwa ukanda wetu. Katika safari ya Livingstone kwenye mto Zambezi, daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Zanzibar na mtu wa mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa, alikutana na kombe, sumu ya mishale. Inasimuliwa kwamba mswaki wake uligusana na sumu hiyo, na alipopiga mswaki akahisi uchungu na mapigo ya moyo yakipungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza mbegu yake, strophanthus, na kufikia 1885 aliitangaza kama dawa ya moyo. Iliingia famakopia za pande zote mbili za Atlantiki. Lakini magunia yalikuja na mbegu za aina kadhaa zikiwa zimechanganyika, na kemia ya wakati ule haikuweza kueleza gunia hili lina nguvu kiasi gani juu ya moyo. Iliyobaki ni kuuliza moyo wenyewe: toleo la USP la 1916 liliingiza kwa mara ya kwanza vipimo vya kutumia wanyama, na kwa dawa za moyo aliyepimiwa alikuwa chura. Kabla ya hapo, mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alikuwa amekwisha kuweka mwaka 1897 kipimo cha kudumu cha seramu ya dondakoo kwa njia ya namna hiyo. Na vifo vya watoto 13 huko St. Louis mwaka 1901, waliopewa seramu kutoka kwa farasi mwenye pepopunda, vilileta sheria ya pekee ya seramu na chanjo mwaka 1902.

Sheria inapokopa kitabu

Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa. Ilisema dawa ikiuzwa kwa jina lililomo katika USP, au katika orodha ya pili iliyoandikwa na chama cha wafamasia mwaka 1888, na isifikie nguvu, ubora na usafi kwa vipimo vilivyoandikwa humo, imechakachuliwa na mwenye nayo ana kosa. Fikiria lililotokea hapo. Bunge lilichukua kitabu cha shirika binafsi na kukipa nguvu ya sheria. Hadi leo shirika la USP si idara ya serikali, tofauti na BP.

Ila kulikuwa na tundu, na lilikuwa kubwa. Muuzaji angeweza kutofautiana na kiwango mradi tu aandike kwenye chupa nguvu yake halisi. Na dawa ambayo jina lake halimo kitabuni, zile za siri zenye majina ya kubuni, haikuguswa na kiwango hata kidogo. Kuhusu uponyaji, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa jibu mwaka 1911 katika kesi ya mtu aliyeuza dawa akidai inaponya saratani. Jaji Holmes aliandika kwamba sheria ilikataza uongo juu ya utambulisho wa kilichomo, na haikuhusu uongo juu ya kinachotibu. Mwaka uliofuata Bunge liliongeza kifungu cha kukataza madai ya uponyaji ya uongo, lakini serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kudanganya. Ukiamini uongo wako mwenyewe, umepona.

Gharama ya kujibu maswali matatu na kuacha mengine ilionekana msimu wa vuli wa 1937. Sulfanilamide ilikuwa imeanza kutumika kwa vidonge na unga dhidi ya maambukizi, na ilifanya kazi kweli. Kampuni moja ya Tennessee ilitaka kuitoa kama maji, kwa ajili ya watoto na wasiopenda vidonge. Mkemia wake aligundua kwamba inayeyuka vizuri katika dietilini glaikoli, akatia ladha ya rasiberi, akapima rangi na harufu, akaipeleka sokoni kwa jina la eliksiri. Hakuna sheria iliyomtaka aijaribu hata kwa panya. Dietilini glaikoli huua figo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto, kabla wakaguzi wa serikali hawajafuatilia karibu shehena yote, duka kwa duka na nyumba kwa nyumba.

Kuiondoa sokoni kulihitaji sababu ya kisheria, na kuua watu hakukuwa sababu. Sababu iliyopatikana ilikuwa ya jina. Eliksiri, kwa desturi ya famasia, ni dawa iliyoyeyushwa katika kilevi, na hii haikuwa na kilevi. Kwa hiyo ilikuwa na lebo ya uongo. Ingeitwa mchanganyiko wa maji tu, wakaguzi wasingekuwa na kifungu cha kushika. Sheria ya Juni 1938 ndiyo iliyoanza kumtaka mtengenezaji aoneshe usalama wa dawa mpya kabla ya kuiuza. Ushahidi kwamba dawa inatibu ulianza kudaiwa kwa sheria mwaka 1962.